Neville Haslam na Maiki ya Alhamisi

Neville Haslam alijua mji mkuu wa Mongolia, lakini hakujua kwamba mkewe anamwacha mpaka lori la kuhamishia vyombo liliposimama mlangoni. Na hata hapo, majirani wanasema, alitoka nje na kikombe chake cha chai akawauliza wabebaji: "Haya, nani kati yenu anajua ni kiumbe gani ana mioyo mitatu?" Wenzake wamebeba kabati la nguo, jasho linawatoka, yeye anasubiri jibu. Jean, mkewe, ndiye aliyepaza sauti kutoka ghorofani: "Pweza, Neville! Pweza! Umeniuliza mara mia! Sasa sogea, umeziba njia!"

Basi huyo ndiye Neville. Mimi, mtu wa Tanga, nilikuwa napika mapai kwenye baa ya Farasi wa Kijivu hapa Hebbleworth, mji mdogo wa huku Ulaya, na bado napika, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu swali ambalo jibu lake hana. Umeamkaje, haulizi. Mguu unaendeleaje, haulizi. Watoto hawajambo, haulizi. Aulize ya nini? Hapati pointi.

Alikuwa ameuza mazulia miaka arobaini kwenye duka lililo karibu na stesheni. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani, naye akasimama mbele ya keki akawaeleza saa ya kwanza ilitengenezwa wapi. Keki ikakatwa akiwa bado anaeleza. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, sweta lake la rangi ya haradali lilishuka mpaka mapajani kama gauni, na penseli ameipachika sikioni hata akienda msikitini, ningesema, ila wao huenda kanisani, na yeye huko pia haendi. Akipata jibu sawa, hufumba macho na kulamba midomo kama mtu aliyeonja mchuzi. Akikosa, swali lilikuwa baya.

Kila Jumamosi saa sita mchana alikaa na wenzake wawili kwenye meza iliyo karibu na moto. Mmoja alikuwa Glenda Ogden, mpishi wa shule ya msingi, mjane, mfupi, mcheshi, ana mikono kama ya mpiga mieleka kwa sababu ya kukoroga viazi vya watoto mia tatu. Wa pili Roy Tattersall, dereva wa lori la taka, ambaye alikuwa anajua mambo mengi ya ajabu kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, watu hutupa vitabu vizuri sana. Kazi yao pale mezani ilikuwa moja: kuulizana maswali ya chemsha bongo. Hakuna zawadi, hakuna kombe. Kila mtu anatunga maswali yake kumi nyumbani, anayaandika kwenye kadi, swali mbele na jibu nyuma, kisha Jumamosi wanapokezana kuuliza. Huyu anauliza, wawili wanaandika jibu kwenye karatasi na kuinua juu. Wanacheka, wanatukanana kidogo, wanakula pai, wanarudi makwao. Hii ilikuwa kabla simu hazijaanza kujua kila kitu.

Ungedhani mchezo kama huo hauwezi kumkosanisha mtu na mtu. Lakini weka Neville mezani uone.

Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, Roy aliuliza nchi gani ina piramidi nyingi kuliko zote duniani. Kadi yake ilisema Misri. Neville akasema Sudan. Na kweli ni Sudan, sikatai. Lakini mwenzangu, mtu akiwa na haki huwa anaidai mara moja, mbili, basi. Neville aliidai wiki tatu. Alileta kitabu. Alileta ramani. Jumamosi ya tatu alileta barua aliyoandikiwa na mwalimu mmoja wa chuo, Roy akaichukua akaifutia bia iliyomwagika. Hapo ndipo Glenda akapiga meza kwa kiganja, akasema: "Sikilizeni nyie wazee. Kuanzia leo kilichoandikwa kwenye kadi ndicho jibu. Kadi ikisema mwezi ni jibini, basi mwezi ni jibini, na pointi anapata aliyesema jibini. Sitaki kusikia tena habari za Sudan maishani mwangu."

Wakakubaliana. Na ili mtu asije akabadilisha kadi yake baada ya kusikia za wenzake, wakaongeza kwamba kadi zote zitaingia kwenye kopo la biskuti kila Ijumaa jioni, kopo litakaa baa, kwenye rafu iliyo nje ya mlango wa jikoni kwangu, na halifunguliwi mpaka Jumamosi saa sita.

Sasa, kila Alhamisi saa moja jioni baa nzima ilikuwa na chemsha bongo yake kubwa, meza kumi na mbili, watu wanabanana. Mwulizaji alikuwa mzee Arnold, mwenye sauti kama ya redio ya zamani. Arnold alikuwa anakaa juu ya kigoda kirefu, maiki mkononi, na kwa saa mbili yeye ndiye mfalme wa Hebbleworth. Akisema kimya, kimya. Akisema jibu lako si sahihi, hata meya anakaa chini.

Maiki ile Neville aliililia miaka kumi na moja. Nilikuwa namwona. Arnold akienda msalani, Neville anapita karibu na kigoda, anaigusa maiki kwa kidole kimoja kama mtu anayepima kama chungu kimepoa. Siku moja nilimkuta peke yake ukumbini asubuhi, maiki haijawashwa, anaiambia: "Swali la saba, mabibi na mabwana." Nilirudi jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Mwezi wa Februari Arnold akatangaza anahama, anakwenda kukaa na binti yake pwani. Beryl, mwenye baa, akawa na watu wawili wanaoitaka maiki: Neville na Glenda. Roy alipoulizwa alisema yeye ana lori, linamtosha.

Beryl ni mwanamke asiyependa mikutano. Aliwaambia: "Mnacheza kila Jumamosi, si ndiyo? Basi Jumamosi sita kuanzia wiki hii. Atakayekuwa na pointi nyingi mwisho wake, maiki ni yake. Nisisikie mtu ananijia jikoni wala dukani wala kanisani na habari hizi."

"Sawa kabisa," akasema Neville. Alikuwa ameshafumba macho.

Jumamosi zikaanza kupita. Roy alishaachwa nyuma, hakujali. Glenda alikuwa anapata kumi na tano mpaka kumi na saba kati ya ishirini. Neville naye vivyo hivyo, anazidi moja, anazidiwa moja. Mashindano matamu. Watu wakaanza kuja Jumamosi mchana kusikiliza, mapai yangu yakawa yanaisha kabla ya saa nane, Beryl anatabasamu. Neville akiulizwa swali gumu alikuwa anajikuna kidevu, anatazama dari, anasema, "Subiri, subiri, liko hapa ulimini," halafu analiandika. Na mengine anayakosa, anapiga paja, "Aaah! Nilikuwa nalo!" Nikasema moyoni, kumbe na yeye ni binadamu.

Jumamosi ya tano nilifika mapema kukanda unga. Neville alikuwa ameshafika. Tangu mashindano yaanze alikuwa anakuja mapema, amemwambia Beryl anapenda kumsaidia kuwasha moto. Nikatoka kuchukua siagi kwenye friji la ukumbini. Moto haujawashwa. Neville hayupo. Nikaangalia rafu yangu. Kopo la biskuti halipo.

Nikasimama. Kisha nikasikia choo cha wanaume kinavutwa maji, mlango ukafunguliwa, akatoka Neville. Kopo lipo kwapani, chini ya lile sweta refu, limemtokeza ubavuni kama mtu mwenye jipu. Kanikuta nimesimama.

"Mwana," akaniambia. Wao huniita Mwana, jina langu refu liliwashinda siku ya kwanza. "Mwana, unajua kopo hili lilikuwa na vumbi? Nimekwenda kulifuta."

"Chooni?"

"Kuna karatasi za kufutia," akasema, akalirudisha kwenye rafu, akalinyoosha likae sawa na ukingo, akaenda kuwasha moto.

Jamani, nimewahi kuona wezi. Nimezaliwa Tanga mjini, nimekaa karibu na stendi. Lakini mwizi anaiba pesa, anaiba kuku, anaiba kitu unachoweza kukiuza au kukila. Mtu mzima, miaka sitini na sita, anakaa juu ya choo cha baa asubuhi ya Jumamosi anakariri majibu ya wenzake! Halafu nikaelewa na kule kujikuna kidevu, na kule "aaah, nilikuwa nalo". Yale aliyokosa alikuwa anayakosa kwa makusudi. Alikuwa anaupima ushindi wake kama alivyopima mazulia, usizidi sana, usipungue, ufike ukutani barabara Jumamosi ya sita.

Nikamwambia Glenda mchana ule ule, nje kwenye mapipa.

Glenda alikuwa na pai mkononi, hakuila. "Chooni?" akauliza.

"Chooni."

"Na kadi zangu?"

"Za nani tena? Zake anazijua."

"Mimi nazinusa zile kadi, Mwana," akasema. "Nina tabia ya kuzinusa kabla ya kuuliza." Akaitupa pai kwenye pipa, pai yangu nzima, nikamsamehe. "Usimwambie Beryl. Usimwambie mtu. Niachie mimi Jumamosi ijayo."

Lazima niwaambie habari ya kobe. Glenda alikuwa na kobe, amekaa naye miaka ishirini na mbili, kampa jina la mtu na ukoo wake kabisa: Horace Bickerstaff. Kila mwaka kabla ya baridi anamlaza kwenye boksi lenye majani makavu, na kila Jumamosi anatupa habari: Horace kalala, Horace kajigeuza, Horace kaamka leo kala tango. Majira hayo ya baridi Horace hakuamka. Glenda alilia pale mezani, Roy akampa leso, Beryl akampa brandi, mimi nikakaa naye. Neville alikuwepo. Alingoja mpaka Glenda alipopumua, akasema kobe mzee kuliko wote anayejulikana ana miaka mingapi. Jina la marehemu lilimpita sikioni kama miaka yote; halina pointi.

Jumamosi ya sita Neville aliwahi tena asubuhi kuwasha moto, na ilipofika saa sita baa ilijaa. Watu walisimama mpaka mlangoni, wengine na makoti yao yaliyolowa mvua. Beryl aliiweka maiki juu ya kaunta wazi wazi, kila mtu aione.

Akauliza Roy kwanza, kisha Neville. Maswali ya Neville, nisiwafiche, yalikuwa ni yale ya Glenda ya mwaka juzi yaliyogeuzwa mbele nyuma. Mwisho akabaki Glenda kuuliza. Alikuwa ameshamaliza kujibu, pointi zake zilikuwa tisini na sita. Neville alikwenda polepole, hili kapata, hili kakosa, anajikuna, anaguna, na kadi ya kumi ilipofika naye alikuwa ana tisini na sita.

Kadi moja imebaki. Ndivyo alivyoipanga. Nilimwona alivyonyoosha kola ya shati.

Glenda akaiinua kadi. Hakuinusa. Akasoma kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mtu wa kwanza kuvuka mto Mersey ndani ya beseni la kuogea alikuwa nani?"

Watu wakacheka. Roy akaandika neno moja haraka, akainua karatasi: MLEVI. Wakacheka zaidi.

Neville hakucheka. Akatazama dari. Akajikuna kidevu. "Loo," akasema. "Loo, hili la zamani hili. Subiri, subiri." Kisha akaandika, taratibu, kwa herufi kubwa, akainua karatasi juu ya kichwa na kuizungusha ili hata walio mlangoni waone. HORACE BICKERSTAFF. Akafumba macho, akalamba midomo.

Watu wakatazamana. Watu wote wa Hebbleworth wanamjua Horace. Muuza magazeti anamjua. Watoto mia tatu wa shule walimchorea kadi za rambirambi.

"Umemjulia wapi huyo, Neville?" akauliza Glenda, mpole.

"Horace Bickerstaff? Ah, mama, mtu maarufu sana huyu. Vitabu vipya vimemsahau."

"Mwambie na Roy, hamjui."

"Roy atayajulia wapi haya." Neville akageuka kidogo kuelekea watu, kama Arnold. "Mjomba wangu alinipeleka nikiwa mdogo kuona lile beseni. La shaba. Lilikuwa na kutu upande mmoja. Na picha yake ukutani, Bickerstaff mwenyewe, jamaa mnene hivi, mwenye masharubu."

"Masharubu?" akasema Beryl kutoka kaunta. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

"Masharubu makubwa. Na kofia."

"Alikuwa anatembea haraka?" akauliza Roy. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nani?"

"Bickerstaff."

"Nadhani. Alikuwa mwanamichezo."

Hapo baa ikapasuka. Watu walipiga meza, mmoja akamwagiwa bia asijali, Roy kalaza kichwa juu ya karatasi yake mabega yanatikisika. Neville alikuwa anatabasamu nao, masikini, alidhani wanashangilia.

Glenda akangoja. Kisha akasema: "Horace Bickerstaff ni kobe wangu, Neville. Nimemzika Februari chini ya mti wa waridi. Hakuwahi kuvuka hata barabara."

Tabasamu la Neville lilibaki usoni likiwa halina kazi.

"Hilo swali nimelitunga," akasema Glenda. "Jibu hilo halipo duniani popote ila nyuma ya kadi hii. Sasa tuambie umelisoma wapi."

"Chooni," nikasema mimi kutoka mlangoni. Unga mikononi. "Jumamosi iliyopita nilimwona na kopo."

"Mwizi!" akasema Roy, akasimama. "Profesa wa chooni! Miaka yote hii tunakaa na wewe!"

Mtu mwingine angetafuta mlango. Mtu mwingine angesema samahani, jamani, shetani. Neville alikaa, masikio mekundu, akiangalia meza. Halafu polepole nikaona shingo inanyooka. Akaweka kidole juu ya kadi ya Glenda.

"Kadi inasemaje?" akauliza.

"Nini?"

"Nyuma ya kadi. Isome."

Glenda akaigeuza. Hakuisoma. Na hapo, wallahi, nikaona rangi inamtoka usoni.

"Kilichoandikwa kwenye kadi ndicho jibu," akasema Neville. "Kadi ikisema mwezi ni jibini, mwezi ni jibini. Maneno yako mwenyewe, Glenda. Nina tisini na saba."

"Umeiba majibu, bwana wee!" akapiga kelele Roy.

"Nionyeshe sheria inayokataza kusoma kadi. Sheria inasema kadi zisibadilishwe. Nimebadilisha kadi? Mwana, niliongeza kitu? Nilipunguza?"

Sheria hiyo haikuwepo, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake aliyefikiria kwamba itahitajika. Unaweza kuandika sheria kwamba mtu asimkojolee mwenzake mezani? Huandiki. Unadhani inajulikana.

Watu wote wakamtazama Beryl. Beryl akamtazama Glenda. Wangeweza kumfukuza pale pale, na nusu ya baa ingembeba. Lakini hawa watu ninaokaa nao, mambo ya mchezo ni dini yao. Watakuibia mwavuli mlangoni, lakini sheria ya mchezo hawaivunji hata kwa kumkomoa mwizi.

"Mpe," akasema Glenda. Akamsukumia kadi kwa kidole. "Chukua na hii. Ni ya tisini na saba. Hongera."

Beryl akaichukua maiki kwa ncha za vidole akaiweka mezani. Glenda akavaa koti, Roy akavaa lake, wakachukua kopo la biskuti wakatoka. Baa nzima ikawafuata kwa macho. Neville alibaki peke yake karibu na moto, maiki mbele yake, akaagiza pai.

Nilimpelekea. Ya jana.

Sasa Alhamisi inataka maswali arobaini, mapya, kila wiki. Arnold alikuwa anayatunga mwenyewe, wiki nzima anayafikiria akitembeza mbwa. Neville alikuwa hajatunga swali tangu mkewe ahame. Alikuwa anaokota ya wenzake, anayageuza, anayarudisha. Na wenzake wameondoka na kopo.

Jumatatu alikwenda maktaba. Nimeambiwa na mama wa maktaba mwenyewe, ni mteja wangu. Vitabu vya chemsha bongo vilikuwa vinne na vyote vimeazimwa asubuhi ile ile. Aliyeviazima ni dereva wa lori la taka, amefungua uanachama wa maktaba kwa mara ya kwanza maishani, amekuja na buti zake.

Jumanne akampigia Arnold simu pwani. Arnold alikwisha kusikia habari za chooni. Akamwambia hali ya hewa ya huko ni nzuri, akakata.

Jumatano mchana nilikuwa namenya viazi, mlango wa jikoni ukagongwa. Alikuwa Neville; kabla ya siku hiyo hakuwahi kuugonga.

"Mwana," akasema. "Hivi jina lako hasa ni nani?"

"Mwanaidi."

"Zuri. Zuri sana." Akaingia, akasimama kwenye maganda. "Nilikuwa nafikiria. Nyinyi huko kwenu mna mambo mengi. Wanyama, mito, wafalme. Watu wa hapa hawayajui. Ungenipa machache ya Alhamisi."

"Machache mangapi?"

"Arobaini."

Nikaendelea kumenya.

"Hata ishirini," akasema. "Nitayageuzageuza."

"Na watu wakiuliza nani katunga?"

"Aah, mtunzi hatajwi. Ndiyo desturi."

"Basi na mimi sitajwi," nikasema. "Sogea, bwana Neville, umenikanyagia maganda."

Alisimama pale kidogo zaidi. Nilidhani atasema neno la maana, mtu akiwa amefika chini kabisa wakati mwingine husema. Akaniambia viazi vya kwanza viliingia Ulaya kutokea wapi, akaenda zake.

Alhamisi watu walijaa kuliko msiba. Walikuja na watu wa mji wa pili. Glenda na Roy walikaa meza ya nyuma, Glenda na mkoba wake mkubwa wa mkononi mapajani. Saa moja kamili Neville akapanda kwenye kigoda cha Arnold, sweta safi, nywele kazilowesha. Akaipiga piga maiki. Kuna kitu kilimjia usoni alipoisikia sauti yake mwenyewe imejaa ukumbi mzima, na nusura nimwonee huruma. Nusura.

"Swali la kwanza, mabibi na mabwana."

Swali la kwanza lilikuwa limeandikwa nyuma ya pakiti ya majani ya chai, ile ya kijani ambayo wiki hiyo ipo kila nyumba. Meza zote zikajibu kwa pamoja kabla hajamaliza. Swali la pili, nyuma ya pakiti hiyo hiyo, chini kidogo. La tatu lilitoka kwenye boksi la nafaka za asubuhi, na mtoto wa muuza magazeti akalimalizia yeye: "Na ukikusanya vifuniko vitano unapata filimbi!" Kicheko kile nilikisikia nikiwa na kichwa ndani ya oveni. Alifika la tisa. Baada ya la tisa akageuza karatasi, upande wa pili mweupe. Akaigeuza tena.

Akakohoa ndani ya maiki. "Samahanini," akasema. "Koo. Tangu asubuhi koo langu si zima."

"Pole, baba," akasema Beryl kutoka kaunta. "Shuka. Kuna mtu ana koo zima?"

Glenda akafungua mkoba wake. Kadi arobaini, zimefungwa kwa mpira. Alipoulizwa baadaye kwa nini alikuwa nazo, alisema mtu hajui atakutana na nini barabarani. Akapanda kwenye kigoda, miguu haifiki chini, akashika maiki kwa ule mkono wake wa kukorogea viazi, akanusa kadi ya juu. "Tunaanza upya," akasema. "Kimya."

Wakanyamaza.

Neville alipata kiti kwenye meza ndogo iliyo karibu na choo, peke yake, na akaomba karatasi. Alijibu maswali yote arobaini. Alijikuna kidevu, na safari hii alikuwa anajikuna kweli. Karatasi yake ilisahihishwa na Roy, aliyeomba kazi hiyo mwenyewe na kuifanya kwa haki kabisa, mpaka nusu pointi alimpa. Matokeo yakasomwa kwa sauti, meza kwa meza.

Haslam, kumi na nne na nusu.

Mimi niliyeishia darasa la saba, nikiwa jikoni na mlango umeegeshwa, mikono ndani ya unga, nilipata kumi na saba.